Saa ya Injinia wa Kilo

Kwenye matanga ya Muzee Anselme, saa yake ilikuwa imelazwa peke yake juu ya sahani ya kikombe, katikati ya meza, na watu waliingia kuisalimia kabla ya kuwasalimia wafiwa. Mama mmoja aliiinamia akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na bakuli langu la maharagi, mwanamke mzima mwenye diploma ya masomo ya jioni, miguu inayovimba na watoto wasionisikiliza, nikaanza kucheka ndani ya tumbo, kile kicheko kibaya cha msibani kinachotafuta mlango wa kutokea, hadi ikabidi nikifiche kwa kukohoa. Jirani yangu akanipiga mgongoni kwa nguvu akidhani nimekabwa na mfupa. Maharagi hayana mifupa, lakini msibani watu hawachunguzi. Saa ile niliijua kabla haijapata historia. Niliijua ingali ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ndugu zake wote wa katoni moja, na kama si mimi na Kambale muuza saa ingebaki saa tu, chombo cha kumwambia mtu kwamba amechelewa.

Habari za baba yangu na mama yangu, na upande gani nilizaliwa, sitazisema. Mwaka ule mtu akiulizwa amezaliwa upande gani hakuwa na haraka ya kujibu, na tabia hiyo imenibakia. Nitasema mwaka wenyewe tu: ule mwaka wa vita ambao mji wetu wa Bunia, huku mashariki mwa Kongo, ulibadilisha mabwana mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha kitambaa cha kichwa. Asubuhi ulitoka nyumbani ukiwa unajua wa kumsalimia kwenye kizuizi cha barabarani, na ulipokuwa unarudi yule wa asubuhi amekimbia, yupo mwingine, naye anataka salamu yake. Katikati ya hayo watu walikula, walifua nguo, walichumbiana. Vijana wa leo wakinisikia wanadhani tulikaa chini ya kitanda mwaka mzima. Tulikaa, ndiyo, lakini baadaye mtu husikia njaa, hutoka, huwasha moto.

Meza yangu ya mandazi na meza ya Kambale ya saa zilikuwa zimeshikana sokoni, chini ya turubai moja la bluu lililokuwa na matundu mengi kuliko turubai. Kambale alikuwa kijana wa Butembo aliyekuja na bidhaa zake kwa safari fupi, kisha barabara ikafungwa nyuma yake kama mlango. Alikuwa mpole, msafi, na alikuwa na ubaya mmoja tu unaoweza kumuua mfanyabiashara: hakujua kusema uongo. Mteja akimuuliza kama saa ni nzuri, alifikiri kwanza, kisha akajibu kwamba inategemea. Na saa zake zilihitaji mtu wa kuzitetea. Zilitoka Dubai kwa njia ya Kampala, zilikuwa nzito kama kufuli, rangi ya dhahabu iliyotaka kubanduka ukiiangalia kwa hasira, na majina ya siku yaliandikwa kwa Kiarabu. Tena, wakati huo kuvaa saa Bunia ilikuwa jambo la siasa. Parokia ilifuata saa ya Bunia. Wenye maduka makubwa, ambao mali yao yote ilitoka Uganda, walifuata saa ya Kampala, iliyotangulia kwa lisaa limoja. Mtu akikuambia tuonane saa nne, ulimuuliza kwanza, saa nne ya wapi? Nilimwona kwa macho yangu tajiri mmoja aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, na alipotaka kujua saa alinyoosha mikono yote mbele kama mtu anayekamatwa.

Basi siku moja akaja Boss Jeannot, mnunuzi wa dhahabu, mtu mnene aliyetembea kama lori lililobeba magunia. Wachimbaji wa Kilo, kule kwenye migodi, Wakristo na Waislamu, wote walimletea vumbi lao la dhahabu, naye alilipima kwenye mizani ndogo huku amebana pumzi asilipeperushe. Mtu wa namna hiyo akinunua saa, soko zima linataka saa. Akaishika moja, akaigeuza, akaiweka sikioni, akamuuliza Kambale kama iko nzuri. Nikamwona Kambale anaanza kufikiri. Nikaona biashara inakufa mbele yangu, na mimi ni mtu ninayehuzunika kuona kitu kinakufa bure. Bila kuinua macho kwenye mafuta yangu nikasema:

“Kambale, ile si ya kuuza. Si ulisema ile ya injinia itabakia?”

Mpaka leo sijui yule injinia alitoka wapi. Alitoka kinywani mwangu akiwa amevaa kabisa, kofia kichwani na buti miguuni. Boss Jeannot akauliza injinia gani, na mimi nikamhurumia kwa kutojua. Nikamweleza juu ya yule Mbelgiji wa mgodi wa Kilo, zamani za wakoloni, aliyeshuka na saa hiyo mpaka chini kabisa ambako mawe yana jasho. Udongo ukaanguka. Wakachimba wiki nzima, wakaukuta mkono wake umetokeza nje ya kifusi kama shina la muhogo, na juu ya mkono saa ilikuwa bado inatembea, haikupoteza hata dakika. Boss akauliza mbona ni nzito. Nikamwambia ile dhahabu ya kwanza ya Kilo ilikwenda wapi, si imo ndani humo? Akauliza mbona siku zimeandikwa kwa Kiarabu. Hapo nilitaka kusimama nijipigie makofi, maana jibu lilikuja lenyewe: aliyemchimbua injinia kwa mikono yake alikuwa kapita wake, msimamizi wa wachimbaji, Mwislamu, na injinia, aliyetolewa hai, kwa shukrani aliipeleka saa Uswisi kwa wenye kiwanda wamwandikie siku kwa herufi za kapita. Akauliza ule mkwaruzo wa nyuma. Mkwaruzo ulikuwa wa asubuhi ileile, mwiko wangu wa chuma ulipoangukia meza ya jirani. “Hapo ndipo jiwe lilipopiga,” nikasema kwa sauti ya chini, na Boss Jeannot akaondoa kidole chake polepole kama aliyegusa kidonda.

Kambale, masikini, akaona lazima aokoe roho yake. Akasema, “Boss, kweli mi sijue hiyo habari.” Na ndilo neno lililoiuza. Boss Jeannot aliona mbele yake kijana mwaminifu anayeficha siri ya familia, akaikaza saa ndani ya ngumi, na hakuiachia tena. Betri hakuuliza. Kwa miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jinsi Mbelgiji wa zamani zile alivyopata betri.

Miaka mingi baadaye, vita vilipokwisha na mimi nikajiandikisha masomo ya jioni pamoja na watu waliosinzia juu ya madaftari, mwalimu wetu wa biashara alileta gazeti la Ulaya lenye karatasi za kuteleza. Ndani yake mlikuwa na tangazo la saa ya matajiri. Ungetafuta saa yenyewe ungeiona kwa shida, pale chini kwenye kona. Ukurasa wote ulijaa mlima wa theluji, na mzee wa Kizungu aliyefunga kioo kwenye jicho moja, na maneno kwamba kampuni hiyo inatengeneza saa tangu mababu, na msafiri fulani aliwahi kuvuka barafu nayo. Mwalimu akauliza hawa wanauza nini. Mmoja akasema saa, mwingine akasema heshima. Mimi nikasema, “Wanauza babu ya saa.” Mwalimu akaweka chaki chini, akataka kujua nilijifunza wapi. Nikamwambia sokoni. Tofauti yetu na wale wa theluji ni moja tu, wao wana karatasi ya kuteleza, sisi tulikuwa na mafuta ya mandazi, nayo yanateleza.

Kumbe tulikuwa tumemwachilia injinia mjini bila kamba. Kila mtu aliyemkuta Boss Jeannot alisimuliwa, na kila aliyesimuliwa aliongeza. Habari iliponirudia mezani kwangu, siku chache tu baadaye, ilinunua mandazi ikaniambia mimi, mama yake mzazi, kwamba injinia alikaa chini ya udongo mwezi mzima akila mkanda wake, na kwamba saa kama ile iko moja tu duniani. Nilikubali. Nilishangaa hata, kwa adabu.

Wakati huo Kambale alikuwa na ugonjwa wake. Ugonjwa ulikuwa unaitwa Furaha, binti wa Muzee Anselme, aliyekuja kununua mandazi kwangu na kuangalia saa kwake, ingawa macho yake hayakufika kwenye saa. Muzee alikuwa amekimbia kutoka Fataki, kijiji chao, na mke wake na binti yake, na mali aliyofika nayo ilikuwa kamba ya ng’ombe, bila ng’ombe. Boss Jeannot, mtoto wa dada yake, aliwapa vyumba viwili huko mtaa wa Rwambuzi. Ndani ya kile cha mbele kulikuwa na benchi, picha ya Bikira, na ile kamba imetundikwa kwenye msumari chini ya msalaba. Ukikaa hapo Muzee alikutajia ng’ombe wake mmoja baada ya mwingine, jina lake, mama yake, na tabia yake mbele ya maji, na alikuwa hana haraka. Kambale aliwajua wote kwa majina kuliko alivyowajua ndugu zake mwenyewe. Lakini kila alipotuma neno la kumwoa Furaha, jibu lilikuwa lilelile: katika nyumba ile binti hutoka kwa ng’ombe. Na ng’ombe angetoka wapi? Kila kizuizi kilikuwa na njaa yake. Ng’ombe aliyeanza safari mzima angefika mkia. Mama yake Furaha naye alikwisha kuamua: kama hakuna ndoa, mtoto atashuka Tchomia na mama yake mdogo wavuke ziwa kwenda Uganda, na aliyevuka ziwa mwaka ule hukujua utamwona lini.

Siku moja, baada ya misa, Muzee akatuma neno jipya. Ng’ombe wangoje amani. Lakini Kambale amletee kitu ambacho baba mkwe anaweza kuonyesha watu. Alete ile saa ya injinia wa Kilo, iliyosimuliwa hata mlangoni mwa kanisa bila kutajwa iko mkononi mwa nani.

Kambale akaja mezani kwangu amekauka midomo.

“Véro, injinia yako ameniua.”

Nikamwambia aketi, nikampa andazi, maana mtu hawezi kufa akitafuna. Akanikumbusha kwamba saa iko mkononi mwa Boss Jeannot, na Boss hawezi kuiuza hata ukimng’oa jino. Nikamwambia afungue katoni. Yeye akaifunika kwa mikono miwili.

“Lakini ulisema iko moja tu mu dunia.”

“Mi sikusema hivyo. Batu ndio balisema. Fungua.”

Akatoa nyingine, ndugu wa damu wa ile ya kwanza, na ikabidi aipige mkwaruzo wa jiwe mahali palepale. Nilimwazima mwiko uleule ili haki itendeke. Aliikwaruza amegeuza uso, kama anayemchanja mtoto. Kisha akakumbuka kwamba kwenda kwa wakwe kunataka ndugu, na ndugu zake wote wako Butembo, nyuma ya barabara iliyofungwa. Tukamtengenezea ukoo pale sokoni. Papa Alidor muuza makaa akawa baba mkubwa, akaoga mara ya kwanza tangu mji uchukuliwe, akaagizwa asiseme lolote, kazi yake ni kukubali kwa kichwa. Mimi nikawa tantine, shangazi wa bwana harusi aliyenizidi umri, na kwa kuwa baba mkubwa alikatazwa kusema, mdomo ukawa wangu.

Tulikwenda Rwambuzi mchana, kwa kuwa jioni haikuwa ya mtu. Chumba kilijaa mpaka watu walikaa dirishani. Tulikula sombe ya majani ya muhogo, tulikula samaki wa ziwani, tulikula mbuzi mmoja aliyegawanywa kwa akili sana hata kila mtu aliondoka anaamini alikula mguu. Kisha nikasimama, nikaweka saa kwenye sahani, nikaisimulia. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu, hata siku ya kutetea kazi yangu ya diploma. Udongo ulipoanguka, watu wawili waliangalia juu kwenye mabati. Kapita alipomchimbua bwana wake, mama mmoja alijifuta macho. Muzee Anselme alisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza akaomba niirudie ile sehemu ya mkono kwenye kifusi.

Ni wakati ninairudia ndipo nilipomwona Boss Jeannot. Mgeni wa heshima, amekaa chini kabisa ya msalaba, mikono ya shati imefungwa vifungo. Mpaka hapo nilikuwa nimepanga kila kitu, ila nilisahau kwamba mtoto wa dada hualikwa. Alikuwa anafungua kifungo. Akapandisha mkono wa shati taratibu, kama anayefunua maiti ili aitambue, na saa ikang’aa chumba kizima. Mbali, upande wa uwanja wa ndege, zilisikika risasi mbili, na hakuna aliyegeuza shingo.

“Tantine, samahani,” akasema. “Kama ile iko ya injinia, hii yangu iko ya nani?”

Papa Alidor, mwaminifu kwa kazi yake, akakubali kwa kichwa. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, nikajua Furaha yuko nyuma ya pazia. Kambale aliangalia mlango. Mimi, ambaye mdomo wangu haukuwahi kufunga duka, nikaanza kukusanya mabakuli.

Muzee akasema, “Lete.” Boss akavua, akaiweka sahanini. Muzee akazichukua mbili, akaweka moja kila sikio, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Akazigeuza. Akaangalia mkwaruzo, akaangalia mkwaruzo. Akazileta puani pia, jambo ambalo sikulielewa. Kisha akanigeukia.

“Tantine, weye ulielezea vizuri. Sasa niambie, ule Muzungu alikuwa na mikono ngapi?”

“Mbili, Muzee.”

“Na bakubwa ya hapa Bunia, benye biashara ya Kampala, banavaa saa ngapi?”

Mtu wa dirishani akajibu kwamba wanavaa mbili.

“Basi,” Muzee akasema. “Munafikiri Muzungu alikuwa mujinga kupita siye? Mukono moja saa ya Kilo, mukono ingine saa ya kwabo Ulaya, ajue bibi yake analala ao ameamuka.”

Chumba kikashusha pumzi. Mzee mmoja wa parokia akasema hata yeye aliwahi kusikia hivyo. Boss Jeannot alikuwa na swali moja lililobaki, nalo lilikuwa zito kwake: ya kwake ilikuwa ya wapi. Muzee akazipima mkononi, akampa moja.

“Ya Ulaya. Hauone vile inang’aa?”

Boss Jeannot akaivaa, akapandisha mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, na nadhani hakuwahi kuushusha tena. Vigelegele vikatoka jikoni. Furaha hakushuka Tchomia.

Tulipokuwa tunaondoka nikaenda nyuma ya nyumba kunawa. Muzee mwenyewe akachukua jagi, akanimiminia maji mikononi, mimi msichana wa mandazi. Alisema polepole, kama anayeongea na maji.

“Ile mwiko yako, inapigaka saa zote fasi moja, palepale? Iko inanukia mafuta.”

Nikaona aibu ya miaka yangu yote ikipanda kwa pamoja. Yeye akaendelea kumimina.

“Hapana, mutoto, usione haya. Ng’ombe zangu, kila moja ilikuwa na jina na habari yake. Batu batauliza binti yangu alitoka na nini. Niseme alitoka bure? Sasa niko na kitu ya kuelezea.” Akaweka jagi chini. “Zile zingine, muziuze mbali.”

Tukaziuza mbali. Katoni ilienda Aru, ilienda Mahagi, kwa mikono ya watu wenye vinywa vyao, na kila moja ilikwenda na injinia wake. Saa ya Muzee ilisimama betri ilipokwisha, asiibadilishe. Ukimuuliza saa ngapi alikusimulia, na alipomaliza kusimulia lile ulilotaka kuliwahi lilikuwa limekwisha pita. Na amani ilipokuja, ile amani yetu ya vipande, Kambale alianza kuleta ng’ombe, mmoja mmoja, kama alivyoahidi. Siku ya yule wa kwanza Muzee aliteremsha kamba kwenye msumari, akamfunga, akamzunguka, akamwita Injinia. Alikuwa ng’ombe jike.

Sasa, kwenye matanga, ilikuwa zamu ya mjukuu, mtoto wa kwanza wa Furaha, kijana mwenye ndevu. Aliinua ile sahani akawasimulia wageni, na nilisikia kwa masikio yangu udongo, kifusi, kapita, mikono miwili, saa ya Kilo na saa ya Ulaya. Aliongeza na mengine: kwamba babu yake aliivaa siku waliyorudi Fataki mara ya kwanza, wakakuta nyumba haina paa, naye akaketi katikati ya nyasi akawasimulia wajukuu tangu mwanzo mpaka wakaacha kulia. Hilo sikulitunga mimi. Wala Kambale, aliyekuwa amekaa ng’ambo ya chumba na mvi zake, akiwa na uso uleule wa mtu anayetaka kusema inategemea.

Ndipo mgeni mmoja aliyetoka Mahagi, mtu mwenye heshima aliyekuja kumlilia Muzee kwa sababu za kanisa, akapandisha mkono wa koti. Akaivua yake taratibu, akaiweka karibu na ile kwenye sahani. Alisema baba yake alimwachia, nayo pia ilitoka Kilo, na nyuma yake ina alama ya jiwe. Watu wakainama kuangalia. Mjukuu akaangalia saa, akamwangalia mgeni, kisha akanitafuta kwa macho hadi kwenye kona yangu ya maharagi.

“Tantine Véro, weye ulikuwako. Muzungu alikuwa na mikono ngapi?”

Nikaangalia picha ya Muzee Anselme ukutani, na kamba yake iliyotundikwa pembeni. Nikaweka bakuli chini.

“Mbili,” nikasema. “Lakini alikuwa na mudogo yake wa tumbo moja, alitumika kazi kule Mahagi.”

Wakaguna wote, aa, kumbe. Na mama yule wa ishara ya msalaba akasogea kwenye benchi upande wa wafiwa, akampisha mgeni akae na familia.